Wanandoa, msiupande mlima wa theluji kwa siku mbili

Miongoni mwa mambo mema yanayoonekana siku hizi katika mitaa ya Kisauni ni wanandoa kutoka pamoja mwisho wa juma. Mume na mke ambao zamani ungewaona pamoja kwenye harusi na matanga tu, sasa utawakuta Jumapili alasiri wakishuka kwenye matatu pale Bamburi, viatu mkononi, wakielekea ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta, ule ambao wengi wetu twauita Pirates. Wapo pia waliopanda daraja zaidi. Hawa huweka akiba miezi kadhaa, wakaomba ruhusa ya siku moja kazini, wakaenda kuitafuta theluji ya Mlima Kenya au ya Kilimanjaro, kisha wakarudi mbio kuwahi kazi.

Mwandishi wa makala haya anaunga mkono matembezi yote mawili. Hata hivyo, ipo kasoro moja kubwa katika namna tunavyoyapanga. Bahari iliyo mlangoni petu twaiendea mara mbili tatu kwa mwaka, Krismasi na Idi, kana kwamba iko mbali. Mlima ulio mbali nao twaukimbilia kwa siku mbili au tatu, kana kwamba uko mlangoni. Kwa afya ya mume na mke, mambo yangefaa yawe kinyume: bahari kila wiki, na theluji mara moja baada ya miaka, kwa subira na kwa siku za kutosha. Anayekiuka sehemu ya kwanza hujinyima dawa ya bure. Anayekiuka sehemu ya pili huweza kuitia maisha yake hatarini, na ya mwenzake pia.

KUTOKA NI DAWA

Tuanze na sababu ya kutoka. Uchunguzi wa afya uliofanywa nchini Kenya mwaka 2015 ulionyesha kwamba karibu robo ya watu wazima walikuwa na shinikizo la damu, na kwamba zaidi ya nusu ya watu wazima hawakuwa wamewahi kupimwa presha hata mara moja. Maradhi haya hayapigi hodi. Mtu huwa mzima machoni pa watu hadi siku anapoanguka.

Shirika la Afya Duniani, WHO, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linamshauri mtu mzima afanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kila wiki. Kutembea kwa mwendo wa kuharakisha kidogo, ule wa kumfanya mtu ahisi joto lakini bado aweze kuzungumza na mwenzake, kunatosha kuhesabiwa.

Wengi watajibu kwamba hawana nafasi katikati ya wiki. Anayeondoka Mishomoroni saa kumi na moja alfajiri kwenda kazini Changamwe, akarudi saa mbili usiku kupitia msongamano wa daraja la Nyali, atatembea saa ngapi? Kwa watu hawa kuna habari njema. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022, uliowafuatilia Wamarekani zaidi ya 350,000, ulibaini kwamba waliotimiza dakika zao kwa siku moja au mbili za wiki hawakutofautiana sana, kwa idadi ya vifo, na wale waliozigawa siku nyingi. La muhimu lilikuwa kuzitimiza. Kwa hivyo asiyeweza kutembea Jumatatu hadi Ijumaa bado anayo Jumamosi na Jumapili.

Utafiti mwingine, wa Uingereza, uliotolewa mwaka 2019 na kuwahusisha watu karibu 20,000, uliona kwamba waliokaa angalau dakika 120 kwa wiki katika mazingira ya asili, kama vile ufuoni au msituni, walieleza kuwa na afya njema na utulivu wa moyo kuliko wasiotoka kabisa. Haikujalisha kama dakika hizo zilikuwa za mkupuo mmoja au za vipande vipande. Waingereza hao wengi wao husafiri ili waione bahari. Mkaazi wa Shanzu, Bamburi au Mtopanga anaisikia akiwa kitandani.

MBONA PAMOJA?

Huenda msomaji akauliza: ikiwa dawa ni kutembea, yafaa nini kutembea na mke au mume? Kwani mtu hawezi kwenda peke yake?

Aweza. Lakini tutazame jinsi mapumziko yetu yalivyo. Mume hupumzika maskani na wenzake, au mbele ya televisheni akitazama mpira. Mke hupumzika kwenye chama, au kwenye harusi ambako kwa kweli hapumziki, kwa kuwa anapika na kuosha sufuria. Kila mmoja ana raha yake upande wake, na wanapokutana nyumbani hukutana juu ya karo, kodi na unga. Hawakosi mapenzi, hukosa saa moja ambayo hakuna bili iliyowekwa katikati yao.

Kuna faida nyingine ya kitabibu ambayo wengi hawaifikirii. Atembeaye na mwenzake kila wiki humjua mwendo wake. Atatambua kwamba mume, ambaye mwezi uliopita alifika hadi kwenye mitumbwi ya wavuvi bila shida, leo anasimama njiani akishika kifua. Atagundua kwamba miguu ya mke imevimba, au kwamba anakunywa maji mengi kuliko kawaida. Mara nyingi dalili ya kwanza ya maradhi ya moyo au kisukari huonwa na mtu wa nyumbani kabla ya daktari. Sharti mtu huyo wa nyumbani awe anatazama.

Tusisahau pia kwamba huku kwetu wikendi si ya kila mtu. Wafanyakazi wa hoteli, bawabu, dereva wa matatu na mama wa viazi karai kule ufuoni hufanya kazi zaidi Jumamosi na Jumapili, kwa sababu ndiyo siku wageni wanakuja. Wikendi yao ni Jumanne au Jumatano. Basi na waichukue hiyo hiyo. Bahari haina siku ya kufunga, na katikati ya wiki ufuo huwa na nafasi tele.

BAHARI NAYO INA DESTURI ZAKE

Kusema bahari iko karibu si kusema haina hatari. WHO ilikadiria kwamba watu 300,000 walikufa maji duniani katika mwaka wa 2021. Wengi wetu tuliozaliwa pwani hatujui kuogelea, jambo ambalo mtu wa bara huliona kama mzaha.

Kwanza, jueni maji. Kila siku bahari yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili, na saa zake husogea mbele kwa takriban dakika 50 kila siku. Aliyeyakuta maji mbali Jumapili iliyopita saa nane asidhani atayakuta hapo hapo Jumapili hii. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huwa ni bamvua, na tofauti kati ya kujaa na kupwa huzidi mita 3. Ndipo watu hutembea wakafika mwambani wakiokota makome na kupiga picha, huku nyuma yao mifereji ikijaa kimya kimya. Muulizeni mvuvi kabla ya kwenda. Hatoi risiti, lakini saa zake ni sahihi.

Pili, jihadharini na mipira ya matairi ya gari inayokodishwa ufuoni. Hubeba mtu vizuri sana, na hilo ndilo tatizo lake. Asiyejua kuogelea huketi juu yake akacheka, maji yanayopwa yakamchukua hadi penye kina. Mpira ukimponyoka hana la kufanya. Asiyejua kuogelea asipite kiunoni, awe na mpira au asiwe nao.

Tatu, pombe na bahari havikai pamoja. Chupa mbili za bia au kibuyu cha mnazi humpa mtu ujasiri ambao mikono yake haina. Anayetaka kunywa na anywe akiisha kuoga na kukauka, na mwenzake amzuie bila haya.

Nne, ni suala la mavazi. Akina mama wengi wa hapa kwetu huingia majini na dera au buibui, nao wana haki ya kujistiri. Lakini dera pana huvuta maji mengi, likawa zito na kufunga miguu. Suruali nyepesi na kanzu fupi ya kitambaa kisichonyonya maji humsitiri mtu na kumwacha huru. Mume anayemtakia mkewe mema amnunulie vazi hilo badala ya kumwachia kukaa mchangani akilinda mikoba.

Tano, msimu. Wakati wa kusi, kuanzia Aprili hadi karibu Septemba, bahari huchafuka na mawimbi hupiga kwa nguvu. Huo ni wakati wa kutembea mchangani zaidi kuliko kuogelea. Na siku ambayo hata mchanga haupitiki, ipo mivinje ya Haller Park pale Bamburi. Machimbo ya saruji yaliyokuwa jangwa jeupe yalianza kupandwa miti tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, na leo mtu hutembea kivulini mahali ambapo palikuwa shimo.

Hapa yafaa kuwakumbusha na wakubwa wetu neno moja. Dawa hii ni ya bure mradi njia ya kuifikia iko wazi. Kila kichochoro cha kuteremkia baharini kinachozibwa kwa ukuta wa kiwanja ni mkaazi wa Kisauni anayelazimika kulipa nauli ili aone bahari iliyo nyuma ya nyumba yake. Kaunti inayolinda njia hizo inafanya kazi ya afya, hata kama hakuna daktari aliyetia sahihi.

SASA TWENDE KWENYE THELUJI

Watu wa pwani hawakuanza leo kuistaajabia theluji. Mwezi wa Aprili mwaka 1848, mmisionari Mjerumani Johannes Rebmann aliondoka Rabai, si mbali na hapa kwetu, pamoja na kiongozi wa msafara kutoka pwani aliyeitwa Bwana Kheri. Walikwenda kwa miguu, na tarehe 11 Mei, baada ya siku zipatazo 14, Rebmann alikiona kilele cheupe cha Kilimanjaro. Alipouliza weupe ule ni nini, alijibiwa kwa neno ambalo kila mtoto wa Mombasa analijua: baridi. Alipoandika habari hizo, mabingwa wa jiografia huko London walikataa kuamini kwamba theluji yaweza kukaa karibu na ikweta. Mwaka uliofuata, mwenzake Johannes Ludwig Krapf aliuona Mlima Kenya nao ukiwa na theluji.

Safari iliyomchukua Rebmann wiki mbili, leo ni ya saa chache kwa gari kupitia Voi na Taveta. Tangu mwaka 2017 kuna reli mpya inayomfikisha abiria Nairobi kwa saa zipatazo tano, na kutoka hapo hadi Nanyuki ni kama kilomita 200 za lami. Hapa ndipo lilipo kosa ninalolizungumzia. Gari na gari-moshi vimefupisha njia, lakini havikufupisha kazi ambayo mwili unapaswa kuifanya unapopanda juu.

Kazi hiyo ni ipi? Hewa ya Bamburi na hewa ya kileleni ina kiasi kile kile cha oksijeni, kama asilimia 21. Kinachopungua ni msukumo wake. Kwenye mita 5,000 msukumo wa hewa ni karibu nusu ya ule wa ufuoni, kwa hivyo kila pumzi huleta karibu nusu ya oksijeni uliyoizoea. Mwili hujirekebisha: hupumua haraka, moyo hupiga mbio, figo hubadilisha kazi yao kwa muda wa siku kadhaa, na damu huongeza chembe zake nyekundu kwa muda wa wiki. Hakuna kitu katika orodha hiyo kinachomalizika kwa usiku mmoja.

Tuchukue mfano wa wanandoa wa Kiembeni wenye wikendi ndefu, Jumatatu ikiwa sikukuu. Ijumaa alasiri wanapanda treni Miritini. Jumamosi asubuhi wako njiani kwenda Nanyuki, alasiri wanaingia lango la Sirimon lililo mita 2,650, na jioni wanalala kambi ya Old Moses, mita 3,300. Jumapili wanatembea kutwa na kulala Shipton's, mita 4,200. Jumatatu usiku wa manane wanaamshwa, na alfajiri wako Point Lenana, mita 4,985. Ijumaa mchana walikuwa usawa wa bahari. Hazijapita siku tatu kamili.

Wataalamu wa tiba ya milimani wanashauri kwamba mtu akishapita mita 3,000, asiongeze zaidi ya mita 500 za mahali pa kulala kwa usiku mmoja, na kila baada ya siku tatu au nne apumzike siku nzima. Wanandoa wetu wameongeza mita 900 kwa usiku mmoja, baada ya kuruka kutoka usawa wa bahari hadi mita 3,300. Hata ratiba za siku nne ambazo hutangazwa sana ni za haraka kwa mtu wa pwani. Kilimanjaro, chenye mita 5,895, ni zaidi. Kwa njia ya Marangu wengi huuziwa siku tano. Siku ya sita, ya kupumzika Horombo kwenye mita 3,720, ndiyo yenye thamani kuliko zote, ingawa ndiyo ya kwanza kukatwa pesa zinapopungua.

DALILI ZA KUJUA

Ugonjwa wa mlimani huanza kwa kuumwa na kichwa, kichefuchefu, kukosa hamu ya chakula, kizunguzungu, uchovu na kukosa usingizi. Hauchagui mwenye nguvu. Kijana anayekimbia ufuoni kila asubuhi aweza kuangushwa, na mama mnene anayekwenda taratibu akafika. Mara nyingi anayeugua ni huyo kijana, kwa sababu miguu yake humpeleka juu kabla mwili wake haujawa tayari.

Mtu wa pwani akiumwa kichwa husema ni malaria au ni baridi, akameza vidonge na kuendelea. Kanuni iwe hii: ukiumwa kichwa ukiwa juu ya mlima, hesabu kwamba ni mlima hadi ithibitike vinginevyo. Usipande zaidi. Ukipata nafuu, endelea kesho. Usipopata, teremka.

Kuna dalili mbili ambazo hazisubiri kesho. Ya kwanza ni mapafu kujaa maji: mgonjwa huhema hata akiwa ameketi, hukohoa, na makohozi yake huweza kuwa na povu la rangi ya waridi. Ya pili ni ubongo kuvimba: mgonjwa hupepesuka kama mlevi, husema maneno yasiyoeleweka, huwa mkali au mzito bila sababu. Mwambie atembee juu ya mstari ulionyooka, kisigino kikigusa vidole vya mguu mwingine. Akishindwa, anateremshwa wakati huo huo, hata kama ni usiku, na hateremki peke yake. Dawa kubwa ni kushuka. Vidonge vya acetazolamide vyaweza kusaidia kuzuia ugonjwa huu, lakini ni vya kuandikiwa na daktari kabla ya safari, wala havimpi mtu ruhusa ya kukimbia.

Wapo watakaofaa kumwona daktari kwanza, na wengine kubaki chini kabisa: wenye maradhi ya moyo au mapafu, wenye presha isiyotulia, na mama wajawazito. Kwetu pwani kuna jambo jingine linalosahaulika. Ugonjwa wa selimundu upo katika familia nyingi, na wapo wengi zaidi wanaobeba asili yake bila kujua. Mgonjwa wa selimundu hapaswi kwenda juu ya mlima. Anayebeba asili yake, ingawa ni mzima hapa chini, huweza huko juu kuumia bandama, akahisi maumivu makali ubavuni kushoto. Kipimo cha damu ni cha siku moja. Kifanyeni kabla ya kununua makoti.

Jua nalo huwafuata wanandoa kote kuwili. Miale yake mikali huongezeka kwa takriban asilimia 10 kwa kila mita 1,000 unazopanda. Mchanga mkavu hurudisha kama asilimia 15 ya miale hiyo, lakini theluji mpya huweza kurudisha hadi asilimia 80. Ngozi nyeusi ina kinga yake kiasi, jicho halina. Anayetembea juu ya theluji bila miwani ya jua aweza kuamka kesho yake haoni kwa maumivu. Nguo za pamba nazo, zikilowa jasho, humwibia mtu joto lake. Ndani vaeni sufu au nguo zinazokauka upesi.

PATANENI KABLA YA KUONDOKA

Haya yote yaweza kusomwa kitabuni. Lisiloandikwa kitabuni ni jinsi mume na mke wanavyojiponza wenyewe kwa wenyewe. Mke huumwa na kichwa akanyamaza, kwa kuwa anajua pesa zilizotumika na hataki kuharibu safari. Mume hupepesuka akakataa kukiri, kwa kuwa hawezi kushindwa mbele ya mkewe na wapagazi. Kila mmoja anamlinda mwenzake na aibu, huku wote wawili wakipanda kwenye hatari.

Kwa hiyo ushauri wangu mkubwa ni huu. Kabla ya kuondoka nyumbani, patana na mwenzako maneno matatu. Kwanza, kila mmoja atasema ukweli anapoulizwa anajisikiaje, na ataulizwa kila jioni na kila asubuhi. Pili, yeyote akisema turudi, wote wawili watarudi, bila mjadala na bila lawama nyumbani. Tatu, kiongozi wa mlima akisema turudi, basi amesema kwa niaba ya watoto mliowaacha Kisauni. Wasioweza kupatana haya sebuleni, ambako kuna hewa ya kutosha, hawatayapatana huko juu ambako akili yenyewe imepungukiwa na hewa.

Najua jibu la wengi: theluji inaisha, tusipokwenda sasa tutaikosa. Ni kweli inaisha. Kilimanjaro kimepoteza zaidi ya asilimia 80 ya barafu iliyokuwako mwaka 1912. Mwaka 2022 UNESCO ilionya kwamba barafu ya Kilimanjaro na ya Mlima Kenya yaelekea kutoweka kabla ya 2050. Hiyo ni sababu ya kuanza kuweka akiba leo, ya pesa na ya siku za likizo. Haiwi sababu ya kupunguza siku. Barafu hiyo imekaa juu kwa maelfu ya miaka, itawangoja hadi likizo ya mwaka kesho.

Na kwa wenye siku mbili tu, iko njia ya kuiona theluji bila kuumia. Nendeni Taveta. Ondokeni Jumamosi alfajiri, pitieni Voi, mtazame ziwa Chala lililo kwenye shimo la volkeno mpakani, mlale mjini. Jumapili amkeni kabla ya jua, mtoke nje na makoti yenu mepesi, na mawingu yakiwa hayajapanda mtakiona Kilimanjaro kizima, cheupe kichwani, mkiwa mmeshika vikombe vya chai. Jioni mko Kisauni, na hakuna aliyeumwa na kichwa.

Wahenga walisema mwenda pole hajikwai, na viongozi wa mlima huwarudishia wageni neno hilo hilo kila hatua: pole pole. Basi mwisho wa juma hili, bwana mpendwa, zima televisheni saa moja, mwite mama watoto, mteremke hadi maji yalipo. Tembeeni kuelekea Shanzu nusu saa na kurudi nusu saa. Mle muhogo wa kukaanga, mnywe madafu, mrudi nyumbani. Wiki ijayo fanyeni hivyo tena, na ile inayofuata. Wakiisha kuzoea kutembea pamoja kwenye mchanga, na kila mmoja akajua pumzi ya mwenzake, hao ndio wanandoa walio tayari kuanza kuuzungumzia mlima.